Nyumba Njema si Mlango: Askofu Bury na Urusi ya Tsar

Mwaka 1915, vita kuu ikiwa imepamba moto Ulaya, askofu wa Kianglikana aitwaye Herbert Bury alichapisha kitabu kuhusu maisha ya Warusi. Hakuwa mtalii wa kupita. Tangu 1911 alikuwa askofu wa Waanglikana waliotawanyika Ulaya ya kaskazini na ya kati, na Urusi ilikuwa ndani ya eneo lake. Kabla ya hapo alihudumu Honduras ya Uingereza, nchi ambayo leo inaitwa Belize, kwa hiyo alishazoea kusafiri mbali kuwafuata waumini wachache. Alifika St Petersburg na Moscow kama wageni wote, lakini alikwenda pia mpaka kwenye mbuga za Wakazaki, akitikisika juu ya tarantasi, gari la farasi lisilo na springi, ili awafikie Waingereza wenzake waliokuwa wakichimba shaba huko.

Picha aliyorudi nayo ilikuwa ya kupendeza. Mkulima wa Kirusi kwake ni mtu mpole, mkarimu, asiyemsahau Mungu. Tsar Nicholas II, mfalme wa Urusi, amepewa sura yake peke yake, na si sura ya lawama. Utawala ambao Waingereza wengi waliujua kwa habari za mijeledi na Siberia, Bury anauona kama serikali ya kibaba, ya mzazi anayewaongoza wanawe.

Machi 1917 mzazi huyo akajiuzulu. Januari 1918 Wabolsheviki, wakomunisti walioitwaa dola, wakatoa amri ya kutenganisha kanisa na dola, amri iliyolinyang'anya kanisa hata haki ya kumiliki mali.

Ni rahisi kumcheka Bury. Mimi naona macho yake hayakumdanganya. Alichokiona makanisani kilikuwepo kweli. Alipopotea ni katika hesabu aliyoifanya baada ya kuona. Aliona watu wanasali kwa machozi, akasema kanisa lao ni imara. Kwa kuwa kanisa ni imara, na Tsar ndiye mlinzi wake, basi Tsar naye ni imara. Hatua ya kwanza tu ndiyo iliyokuwa na ardhi chini yake. Na hakuwa peke yake: kwa miaka 75 kabla ya mapinduzi, makasisi wa kigeni walikwenda Urusi, wakatazama ibada, wakaandika. Ukiwasoma kwa pamoja unaona kwamba tofauti zao hazikutokana na akili zao wala elimu yao. Zilitokana na mlango ambao kila mmoja aliingilia.

Tuanze na kanisani kwenyewe, maana huko ndiko walikotekwa wengi wao.

Kanisa la Kirusi halina mabenchi. Watu wanasimama, saa mbili, saa tatu, wengine wanapiga magoti, wengine wanalala kifudifudi sakafuni, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna kinanda, kuna kwaya ya sauti tupu, na shemasi mwenye besi nzito inayoanzia chini kabisa na kupanda hadi vioo vinatetemeka. Mbele kuna ukuta wa ikoni, yaani picha za watakatifu, uliopambwa dhahabu, na nyuma yake madhabahu ambayo waumini hawaingii. Mtu akifika amechelewa, na kanisa limejaa hadi mlangoni, hasukumani kwenda mbele. Ananunua mshumaa mlangoni, anamgusa begani aliye mbele yake, anamtajia ikoni anayoitaka. Yule anaupokea, anamgusa bega anayefuata, na mshumaa unasafiri mkono kwa mkono, kutoka kwa mkulima mwenye viatu vya magome ya mti kwenda kwa karani, kutoka kwa karani kwenda kwa mke wa jenerali, mpaka unawashwa mbele ya mtakatifu. Hakuna anayeona ajabu kuupokea.

Kwa kasisi wa Kiingereza wa karne ya 19 jambo hili lilikuwa pigo la moyo. Kwao, makanisa mengi yalikuwa bado yanakodisha viti: tajiri ana benchi lake lenye mlango, maskini anabanwa nyuma. Hapa anamwona ofisa na ombaomba wamesimama bega kwa bega, na anajiuliza ni nani hasa aliyeielewa Injili. Akiupata usiku wa Pasaka, giza totoro, kisha milango inafunguka, mishumaa elfu inawaka, watu wanabusiana mara 3 na kuitana "Kristo amefufuka", basi ndiyo amekwisha. Atarudi nyumbani ameandika kurasa 20 kuhusu usiku ule peke yake.

Lakini si wote waliotekwa. Kiangazi cha 1867 walikwenda Urusi Waingereza wawili wa Oxford. Mmoja ni Henry Parry Liddon, mhubiri aliyekuja kujulikana sana katika Kanisa Kuu la St Paul's, London. Mwenzake ni Charles Dodgson, mwalimu wa hisabati aliyekuwa pia shemasi, ambaye dunia inamjua zaidi kwa jina la Lewis Carroll. Walitembelea Monasteri ya Utatu na Mtakatifu Sergio nje ya Moscow, wakaonana na Filaret, Metropolitani (askofu mkuu) wa Moscow, mzee aliyekuwa akiadhimisha mwaka huo miaka 50 ya uaskofu na ambaye alifariki kabla mwaka haujaisha. Walisimama kwenye makanisa yale yale. Liddon aliona kwamba hisia ya kuwapo kwa Mungu imepenya maisha ya Warusi kuliko ilivyopenya taifa lolote la Magharibi: ikoni mtaani, ikoni dukani, ikoni yenye taa yake katika kituo cha reli. Dodgson aliandika katika shajara yake kwamba kadiri anavyoziona ibada hizi za fahari ndivyo anavyozidi kuipenda ibada sahili ya kwao. Nani kati yao aliyeiona Urusi? Nadhani kila mmoja aliliona kanisa lake mwenyewe: Liddon aliona kilichopungua nyumbani, Dodgson aliona kilichobaki.

Hapo ndipo tunapopaswa kuuliza Waanglikana walikuwa wanatafuta nini kule. Jibu si la siri. Kanisa la Uingereza lilijitenga na Roma karne ya 16, na tangu hapo makasisi wake waliodai kuwa ni Wakatoliki wasio na Papa walihitaji mtu mkubwa wa kuwathibitishia dai hilo. Roma isingefanya hivyo. Mwaka 1896 Papa Leo XIII alitamka wazi kwamba daraja takatifu za Kianglikana ni batili, maana yake maaskofu wao si maaskofu na mapadri wao si mapadri. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Askofu Mandell Creighton wa Peterborough alikuwa Moscow akiliwakilisha Kanisa la Uingereza katika kutawazwa kwa Nicholas II, na Warusi walimpokea kwa heshima kubwa. Mtu aliyefungiwa mlango mmoja anapokaribishwa kwenye mwingine, hachunguzi sana kama ukuta una nyufa. Siku chache baada ya kutawazwa, umati uliokwenda kupokea zawadi za mfalme katika uwanja wa Khodynka ulikanyagana, wakafa watu zaidi ya 1,300. Jioni ile ile Tsar alikwenda kwenye dansi ya balozi wa Ufaransa.

Ukitaka kujua jinsi suala hili la nani anatambuliwa na nani lilivyowachoma Waanglikana, huhitaji kwenda mbali. Juni 1913, wakati maaskofu wa aina ya Bury wanaisogelea Urusi, wamisionari wa Kiprotestanti wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga ushirikiano. Mkutano ukafungwa kwa ibada ya ushirika mtakatifu iliyoongozwa na Askofu Peel wa Mombasa katika kanisa la Waskoti, na Wapresbiteri wakapokea. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliposikia alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Hofu ya watu wa mrengo wa Weston ilikuwa hii: tukishiriki meza moja na Waprotestanti, Waorthodoksi na Roma watatuona nasi ni Waprotestanti tu. Meza ya Kikuyu na ikoni za Moscow zilikuwa katika kesi moja.

Basi kasisi wa namna hii akifika Urusi hawezi kuwa mwamuzi huru. Ana haja. Na mwenye haja husifia.

Yupo mmoja ambaye haja yake ilikataliwa, na kwa sababu hiyo namwamini kuliko wote. William Palmer, shemasi wa Chuo cha Magdalen, Oxford, alifika St Petersburg mwaka 1840 akiwa na barua ya mkuu wa chuo chake. Hakuja kutazama. Alikuja na ombi la ajabu: apewe ushirika mtakatifu katika Kanisa la Kirusi bila kuhama kwake, kwa hoja kwamba kanisa ni moja lenye matawi 3, la Kigiriki, la Kirumi na la Kiingereza, na yeye ni mwana halali wa mojawapo.

Warusi walishangaa. Waliokutana naye walidhani Waingereza ni Waprotestanti kama Wakalvini wengine; huyu anayejiita Mkatoliki wa Kiingereza wamweke wapi? Palmer alibishana nao karibu mwaka mzima. Ili ajue lugha alikaa nyumbani kwa padri wa Kirusi. Alibishana na mapadri, na walei wasomi, mwisho na Filaret mwenyewe, ambaye wakati ule alikuwa bado na nguvu. Jibu la Filaret, kwa kifupi, lilikuwa kwamba kanisa moja haliwezi kuwa na mafundisho mawili. Maaskofu wenu wakubaliane nasi kwanza, ndipo tuzungumze habari ya meza.

Katika kuzungushwa huku, Palmer alilazimika kupita mlango ambao wageni waliokuja kusifia hawakuuhitaji, yaani ofisi. Na ofisini alimkuta nani? Alimkuta kabaila Nikolai Protasov. Huyu hakuwa askofu wala padri. Alikuwa ofisa wa hussari, askari wa farasi wenye magwanda ya mapambo, na ndiye aliyekuwa Prokureta Mkuu, yaani msimamizi wa serikali, wa Sinodi Takatifu, baraza lililoliongoza kanisa, kuanzia 1836 hadi 1855. Kila karatasi ya kanisa kubwa kuliko yote ya Kiorthodoksi duniani ilipita mezani kwake. Maaskofu walikaa Sinodini, walisali, walitia sahihi; yeye ndiye aliyeyapeleka mbele ya Tsar maoni yao, au akayaacha yakae.

Palmer hakuusahau mkutano huo. Miaka mingi baadaye, akiwa ameshakata tamaa na Waorthodoksi na kuingia Roma mwaka 1855, alichapisha vitabu 6 vinene kuhusu Patriaki Nikon wa karne ya 17, kiongozi wa kanisa aliyegombana na Tsar juu ya nani mkubwa, akashindwa. Mtu haandiki vitabu 6 juu ya ugomvi wa kale kama haoni kwamba ugomvi ule ndio ufunguo wa kila kitu.

Na ulikuwa ufunguo. Patriaki Adrian alipofariki mwaka 1700, Tsar Peter I hakuruhusu achaguliwe mwingine. Mwaka 1721 akaunda Sinodi, baraza la makasisi chini ya dola, na mwaka uliofuata akaweka mlei wa kuisimamia, awe jicho la mfalme. Kanisa likakaa bila patriaki zaidi ya miaka 200. Mapadri waliamriwa kwamba mtu akiungama nia ya uhaini na hataki kuiacha, siri ya kitubio haimlindi. Padri apeleke taarifa. Kila Mwaorthodoksi alitakiwa aungame na apokee ushirika angalau mara moja kwa mwaka, na padri alijaza daftari: fulani amekuja, fulani hakuja, na sababu. Daftari lilikwenda juu. Sasa rudi kwenye ule umati wa kanisani uliomgusa moyo kasisi wa Kiingereza. Wangapi walikuja kwa toba na wangapi kwa daftari? Hakuna mgeni ambaye angeweza kujua, na pengine padri mwenyewe hakujua.

Padri huyo wa kijijini nitamtetea kidogo, kwa sababu katika habari za wageni mara nyingi ni kivuli kinachoimba. Alikuwa mtoto wa padri, akaoa binti wa padri, kwa sababu ukasisi ulikuwa kama tabaka la kuzaliwa. Uaskofu hakuutarajia, maaskofu walitoka kwa watawa wasiooa, yaani watu ambao hawakuwahi kuhangaika na watoto wenye njaa. Mapato yake yalikuwa shamba alilolilima mwenyewe na ada za huduma: ubatizo kiasi fulani, ndoa kiasi fulani, mazishi kiasi fulani. Harusi iligeuka soko, baba wa bwana harusi anapunguza, padri anaongeza, mwisho wanakubaliana kwa kopeki na chupa ya vodka, na kesho yake padri huyo huyo anasimama kuhubiri juu ya tamaa. Wakulima walimhitaji na kumdharau kwa pumzi moja. Mwaka 1858 padri mmoja wa Kalyazin, Ivan Belliustin, aliyaandika haya yote kwa hasira, na kitabu kikachapwa nje ya nchi bila jina lake kwa sababu ndani kisingepita. Wakubwa wa kanisa walitaka aadhibiwe. Kurasa zake zina habari nyingi za kanisa la Kirusi kuliko nusu ya vitabu vya maaskofu wageni, na alichokisema kingeweza kusikika kwa yeyote aliyekunywa chai jikoni kwa padri badala ya ukumbini kwa Metropolitani.

Watoto wa mapadri hao ndio waliojaza seminari, na seminari zikawa tanuri la waasi. Nikolai Chernyshevsky, ambaye wanamapinduzi wa Kirusi walimsoma kama nabii, alikuwa mtoto wa padri. Kijana wa Kigeorgia aitwaye Iosif Dzhugashvili alisoma seminari ya Tiflis kuanzia 1894 hadi 1899, akatoka bila upadri. Baadaye alijiita Stalin.

Kuna mfano mwingine wa mlango wa kuingilia, nao unauma zaidi. Mwaka 1879 kasisi wa Kiingereza Henry Lansdell alivuka Siberia yote hadi Bahari ya Pasifiki akigawa Biblia na vijitabu vya dini katika magereza na hospitali. Serikali ilimpa vibali, milango ikafunguka. Katika kitabu chake cha 1882 alisema magereza ya Siberia si mabaya kama yanavyosemwa. Alikuwa mtu mwaminifu, sina shaka. Aliyaona magereza yaliyofagiliwa. Peter Kropotkin, mwanamfalme aliyegeuka mwanamapinduzi na aliyewahi kufungwa katika ngome ya Peter na Paul, alimjibu kwa ukali. Kisha mwandishi wa Marekani, George Kennan, ambaye mwanzoni naye aliitetea serikali ya Tsar, alikwenda Siberia mwaka 1885 na 1886. Kennan alikaa na wafungwa wa kisiasa waliohamishiwa huko, akanywa chai nao, akasikiliza usiku kucha. Alirudi mtu mwingine, na alichoandika kiliigeuza Marekani dhidi ya serikali ya Tsar. Nchi ile ile, magereza yale yale, miaka 6 tu kati yao. Lansdell alipeleka maandiko akaondoka. Kennan alikaa kusikiliza. Inasikitisha kwamba kati ya hao wawili kasisi hakuwa yule aliyesikiliza.

Tunamjua mgeni huyu hata sisi. Anakuja wiki mbili, Jumapili anapelekwa kwenye ibada yenye kwaya nzuri, anapewa kuku na soda, anarudi kwao kuwaambia watu kwamba Waafrika wana imani ya ajabu. Hasemi uongo.

Bury alifika baada ya 1905, na hapo sina budi kumbana kidogo, kwa sababu ishara zilikuwa hadharani. Aprili 1903, Jumapili ile ile ya Pasaka, siku ya mabusu na mishumaa, watu wa mji wa Kishinev walianza kuwashambulia majirani zao Wayahudi, na kabla ya siku mbili kwisha 49 walikuwa wamekufa. Januari 1905 padri Georgy Gapon aliongoza wafanyakazi wa St Petersburg kwenda ikulu wakiwa wamebeba ikoni na picha za Tsar, wakiimba nyimbo za dini, ili wampe baba yao ombi la maskini. Askari waliwapiga risasi. Kama kuna siku ambayo ile dhana ya serikali ya kibaba ilizikwa, ni hiyo. Miezi mitatu baadaye Tsar alilazimika kutoa amri ya uvumilivu wa dini, iliyoruhusu kwa mara ya kwanza Mwaorthodoksi kuhama dini bila kuadhibiwa. Majimbo ya magharibi watu zaidi ya laki mbili walihama kwenda Ukatoliki katika miaka michache. Wengi wao ni watu ambao wazazi wao walisajiliwa kuwa Waorthodoksi kwa nguvu ya dola, na dola ilipolegeza mkono wakaondoka. Hii ni takwimu ambayo askofu yeyote anayehesabu waumini angeisoma mara mbili.

Hata uhai wa kweli wa kanisa lile ulikuwa unaponyoka mikononi mwa ofisi. Padri Ioann wa Kronstadt alivuta maelfu kila wiki kwenye kisiwa chake cha wanajeshi wa majini. Hakuweza kuwaungamisha mmoja mmoja, hivyo aliwaambia waungame wote kwa pamoja, kwa sauti, na kanisa zima lililipuka kwa vilio, watu wakitaja wizi na uzinzi wao mbele ya majirani. Mwaka 1914 monasteri zilikuwa zaidi ya 1,000, na wanawake watawa na wanovisi, yaani walio bado katika mafunzo ya utawa, walikuwa wamepita 70,000, wengi wao wakiwa mabinti wa wakulima waliochagua maisha hayo wenyewe. Imani ilikuwa inachemka. Sinodi nayo mwaka 1913 ilipeleka meli na askari hadi Mlima Athos, makao ya watawa huko Ugiriki, kuwatoa watawa wa Kirusi zaidi ya 800 waliokuwa na fundisho lao juu ya jina la Mungu. Waliomwagiwa maji ya mabomba na kuburutwa hadi melini walikuwa wazee wa sala. Hivyo ndivyo ofisi ilivyojadiliana na watu wake kuhusu teolojia.

Bury alipaswa kuyaweka haya mizani, lakini mwaka aliochapisha una maana yake. 1915 Mrusi alikuwa mwenzake Mwingereza vitani, na mamilioni ya Waingereza waliolelewa kumwogopa walihitaji kuambiwa kwamba ni ndugu. Askofu mwenye nia njema, aliyewapenda Warusi kwa dhati, alikuwa na kila sababu ya kuwapelekea habari njema.

Kisha mambo yakaenda mbio. Siku za ghasia za Petrograd, jina jipya la St Petersburg, mwanzoni mwa 1917, naibu wa Prokureta aliiomba Sinodi itoe tamko la kuwataka watu wamtii mfalme. Sinodi ikakataa. Maaskofu waliofungwa kwenye kiti cha Tsar kwa karne mbili hawakunyanyua kidole kukitetea. Siku chache baada ya Tsar kujiuzulu, Prokureta mpya, Vladimir Lvov, aliamuru kile kiti chenyewe, kiti cha enzi cha mfalme kilichowekwa katika ukumbi wa Sinodi, kitolewe, na mmoja wa wakuu wa kanisa akashika upande mmoja kumsaidia kukibeba. Ndiyo nguzo ambayo wageni waliisifia. Ilibebwa mlangoni na watu wawili.

Jeshini iliondolewa amri iliyowalazimisha askari kupokea ushirika. Kuna takwimu inayonukuliwa mara nyingi, kwamba kabla ya hapo karibu wote walipokea na Pasaka ya 1917 alipokea mmoja kati ya kumi. Naichukua kwa tahadhari, maana vitani hesabu za mapadri hazikuwa sawasawa kila mahali, ila mwelekeo wake haubishaniwi sana. Novemba mwaka huo, Moscow ikiwa imetoka kusikia mizinga, mtaguso wa kanisa ulimchagua kwa kura ya bahati nasibu Tikhon, patriaki wa kwanza tangu 1700. Kanisa lilipata kichwa chake wiki zile zile dola ilipoanguka mikononi mwa waliotaka kulifuta.

Kwa hiyo Bury alikosea kabisa? Hapa ndipo ninapoachana na wanaomcheka. Mwaka 1937, baada ya karibu miaka 20 ya kufunga makanisa, kuyeyusha kengele, kuwapiga risasi mapadri na kufundisha watoto kwamba hakuna Mungu, serikali ya Stalin ilifanya sensa, na kwa amri ya Stalin mwenyewe ikaongezwa swali la dini. Watu walijibu wakijua wanahojiwa na nani, kwa majina yao, katika mwaka wa ukamataji mkubwa. Kati ya watu wazima zaidi ya milioni 98 waliohojiwa, zaidi ya milioni 55 walisema wanaamini. Wakulima ambao Bury aliwaona wakipitishiana mishumaa, au watoto wao, walikuwa bado wapo, bila Tsar, bila Sinodi, bila daftari la padri. Serikali iliyafuta matokeo, na waliosimamia sensa wakakamatwa, wengine wakapigwa risasi.